Mabuti Kwenye Kizingiti

Katika mtaa wa kampuni nilikolea wanangu, nyumba zilijengwa kwa safu, ukuta wa mmoja ukiwa ukuta wa mwenzake, na usingizi wa mwanamume mmoja ulikuwa shughuli ya milango mitatu. Waume zetu walifanya kazi kwa zamu: wiki hii alfajiri, wiki ijayo alasiri, wiki inayofuata usiku. Tanuru la shaba halizimwi, kwa hiyo watu wake hawakulala kwa pamoja. Aliyetoka zamu ya usiku alilala mchana, saa zilezile ambazo wanawake wanatwanga sombe, majani ya muhogo, redio zinaimba sifa za chama, na watoto wako barabarani.

Sijui nani aliyeanzisha desturi ya mabuti. Tulipohamia pale tuliikuta. Mwanamume akirudi kulala, mke wake aliyaweka mabuti yake ya kazi nje, kwenye kizingiti, ncha zikitazama ukuta. Anayepita akiyaona alijua. Redio ilishushwa, vinu vilibebwa hadi mwisho wa safu, na mtoto aliyepaza sauti alipata konzi kutoka kwa mama yeyote aliyekuwa karibu. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu zamu ya mumewe ingefika pia.

Binti yetu wa kwanza alizaliwa wakati mume wangu angali akifanya kazi ya mchana katika karakana. Alipohamishiwa kwenye tanuru, msichana alikuwa ameshajua kusema, kuimba na kujibu. Alijifunza mabuti kama mtu mzima anavyojifunza sheria ya mji mgeni. Mdogo wake wa kiume alizaliwa ndani ya sheria hiyo. Alipoanza kukunja uso tu, nilikuwa nimeshampa titi au nimeshamfunga mgongoni na kutoka naye. Alilala vizuri kuliko mtoto yeyote niliyemjua.

"Huyu mutoto ulimutoa wapi?" jirani yangu wa mlango wa pili aliniuliza. "Bengine tunazalaka kelele. Weye ulizala muntu muzima."

Nilipokea sifa hiyo kama ya kwangu. Mimi shule nilisoma kidogo. Kifaransa nilikipata kwenye nyumba ya wanawake ya kampuni, tulikofundishwa kushona na kutunza watoto, kisha nikakiendeleza peke yangu kwa vitabu vya kazi vya mume wangu. Nilivisoma akiwa amelala, kwa kuwa kusoma ni kazi isiyo na kelele. Vitabu vile vilikuwa vya mashine, lakini vilinifundisha namna ya kutazama: kwanza unaangalia kifaa kinafanya nini, halafu hakifanyi nini, na mwisho kabisa ndipo unashika bisibisi.

Mvulana alikaa kwa wakati wake na akatembea kwa wakati wake. Alipokuwa katika mwaka wa pili alipatwa na surua. Ilimshika vibaya. Macho yalivimba, midomo ilipasuka, masikio yote mawili yakatoa usaha. Nilimbeba usiku na mchana, na jambo ninalolikumbuka kuliko mengine ni kwamba alilia bila sauti. Mdomo ulifunguka, kifua kilipanda na kushuka, machozi yalitiririka, lakini sauti haikutoka. Baba yake, aliyekuwa zamu ya usiku wiki ile, alilala chumba cha pili bila kushtuka. Nilimwambia mtoto kuwa ni shujaa.

Akapona. Mwili ukarudi, mbio zikarudi. Maneno hayakuja. Watoto wa umri wake katika safu yetu waliomba maji, waligombana, walitukana kwa ufundi. Wangu alinivuta sketi na kunyoosha kidole. Mwaka wa tatu ulipomkaribia, wanawake waliacha kumsifu.

Nilimpeleka zahanati. Muuguzi, mwanamume mpole aliyevaa abakosi, lile koti la enzi ya chama lisilo na tai, iliyopigwa pasi vizuri, alimwangalia masikio kwa taa, kisha akasimama nyuma yake na kugonga kijiko kwenye bilauri, kwa mlio mdogo sana. Mtoto aligeuka. Akagonga upande wa pili. Akageuka tena.

"Sitwayeni, huyu anasikia kunipita," alisema, akiniita raia kama chama kilivyoagiza. "Surua haikumuharibu. Mungoje."

Nilimshukuru, maana aliniondolea hofu moja kubwa. Kungoja ni dawa nzuri, ila haina kipimo.

Ndipo mama mkwe alipokuja kutoka Kilwa, ile ya kwetu kando ya ziwa, si ya pwani. Alisafiri juu ya lori, siku nyingi kwenye barabara ile mbaya, akiwa na gunia la samaki wakavu wa ziwa na habari zote za ukoo. Watoto walimwita nkambo, yaani bibi. Alimtazama mjukuu wake tangu asubuhi hadi jioni, akamfungua mdomo kwa kidole gumba kama anayekagua mbuzi, na kabla ya bukari, ugali wetu, kuiva alikuwa na jibu.

"Ulimi umefungwa. Kamba ya chini iko mufupi. Wanakataka ile, inaisha."

"Nani anakataka?" niliuliza.

"Muko muzee moja kule Kasungami. Ndugu wa mwenye shamba ile tutalima. Iko na wembe yake, muzuri. Hata baba ya huyu mutoto tulimukata kule kwetu. Sasa si anasema?"

Jirani yangu alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la chumvi aliyokuja kuazima. "Mama," alisema, "huyu baba akitaka chumvi anaangaliaka tu chumvi mpaka muke wake aone. Kama ni kazi ya wembe, batoto bangu banikalie hivi tu."

Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini, lakini hakubadili neno. Mume wangu naye alisikiliza, akala, akanawa mikono, kisha akasema kwamba mama yake hajawahi kumtakia mabaya. Huo ulikuwa uamuzi. Wangekwenda Jumamosi baada ya salongo, usafi wa lazima wa barabara, wakati yeye angekuwa bado kazini.

Sikupiga kelele wala sikulia. Sikuwa na neno dhidi ya wazee. Mambo mengi niliyoyajua kuhusu kulea niliyapata kwao. Lakini wembe katika mdomo wa mtoto si jambo la kujaribu kwanza, na damu ya ulimi ni vigumu kuizuia. Nilikuwa na siku chache na nilizitumia. Nilimwambia mvulana alete sahani ya bluu, si ile nyeupe. Akaleta ya bluu. Nilimwambia amwamshe dada yake lakini asimguse, akampulizia usoni. Kwa hiyo alielewa maneno. Nikampaka maziwa ya unga chini ya mdomo; akatoa ulimi na kuyalamba yote, hadi karibu na kidevu.

"Ona, mama. Ulimi unafika mbali."

"Kulamba si kusema," alijibu mama mkwe. "Hata mbwa analambaka."

Hapo alisema kweli. Nilijua masikio ni mazima, ulimi ni mzima na akili ni nzima, na bado sikujua kitu kinachozuia.

Usiku wa kuamkia Jumamosi mvua ilinyesha, na ile barabara nyekundu ya kwenda Kasungami, nje ya mji, ikawa tope. Mume wangu alikuwa ametoka kwa zamu ya alfajiri kabla watoto hawajaamka. Salongo ilipokwisha, mama mkwe alijifunga kitenge, akatafuta kitu cha kuvaa miguuni, na akayaona mabuti ya zamani ya mwanawe.

Mabuti haya lazima niyaeleze. Kampuni ilikuwa imempa mume wangu jozi mpya wakati mvulana anaanza kutambaa. Ile ya zamani ilikuwa na soli nzima, basi aliitumia kwenye bustani ya mboga nyuma ya nyumba na kuiacha pale kizingitini, ikitazama ukuta kama ilivyozoea. Mimi, binti yangu na jirani tulijua kuitofautisha: mapya yalikuwa na kamba nyeusi, ya zamani hayakuwa na kamba yoyote. Hatukuyaona tena, kama mtu asivyoiona bawaba ya mlango wake.

Mama mkwe aliketi, akaingiza mguu mmoja. Mvulana alikuwa ukutani na kipande cha muwa. Akauangusha. Alimkimbilia bibi yake, akalishika buti la pili kwa mikono yote miwili, akaweka mdomo karibu na sikio lake. Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwao na nilisikia kila neno, ingawa lilikuwa jepesi kama karatasi.

"Nkambo, rudisha. Baba iko nalala."

Mama mkwe alibaki na mguu mmoja ndani ya buti na mwingine hewani.

"Nani amesema?" aliniuliza.

Nilimwita binti yangu, aliyekuwa anasuuza sufuria. "Ndugu yako anasemaka?"

"Eeh," alijibu, bila kuacha kusuuza. "Anasemaka sana. Pole pole, chini chini. Jana alinihadisia mambo ya nyoka mpaka nikachoka."

"Sababu gani haukuniambia?"

"Haukuniuliza."

Niliketi kwenye kizingiti kando ya mama mkwe na kulitazama lile buti lililobaki, na jambo lote likajipanga mbele yangu kwa mfuatano. Kwa mtoto huyu hapakuwa na wiki ya usiku na wiki ya mchana. Tangu alipoanza kutambaa na kuona kizingiti, mabuti yalikuwa pale kila siku. Baba yake alikuwa amelala maisha yake yote. Hata alipomwona baba anakula mezani, mabuti ya nje yaliendelea kusema kwamba kuna usingizi wa kulindwa, na mabuti yalikuwa na nguvu kuliko macho yake. Kwetu sisi wakubwa alinyoosha kidole, kwa kuwa sisi ndio tuliopiga konzi. Kwa dada yake, chini ya kitanda, alinong'ona.

Mama mkwe hakukubali haraka. "Ile si sauti, ni upepo," alisema. "Kamba inaweza kuzuia sauti."

"Inawezekana," nilisema. "Basi tusiende leo. Vaa mabuti uende nayo shamba, na yasirudi kwenye kizingiti. Mwezi ukiisha bila sauti, nitamubeba mwenyewe kwa muzee."

Akavaa buti la pili. "Unabishanaka kama muntu wa tribunali," alisema, kana kwamba tuko mahakamani, akaondoka na jembe lake, akivuta miguu katika viatu vikubwa. Mvulana alimsindikiza kwa macho mpaka mwisho wa safu. Mabuti yalikuwa yanatembea.

Sikuwa na shaka tena, lakini hakika ya mzazi haimfungui mtoto mdomo. Kizingiti kilipokuwa kitupu nilimshika mkono nikamwonyesha. "Hakuna mabuti. Baba iko kazini. Piga kelele." Alinitazama kama niliyemwomba avunje bakuli. Nilipiga kelele mimi, na dada yake akapiga, naye akacheka huku ameziba mdomo kwa kiganja. Siku zilizofuata ziliendelea hivyo. Mume wangu nilimweleza yote. Alikwenda nje akaanza kumwita mwanawe kutoka bustanini kwa sauti ambayo mimi mwenyewe sikuwahi kuisikia kwake. Jirani alisema sasa tunajua yule mzee aliyemkata mume wangu ulimi utotoni alifanya kazi yake, ilichelewa tu.

Wiki ya zamu ya usiku ilipofika, nilijua la kufanya. Kumwondolea mtoto sheria hakutoshi. Alihitaji kuishika sheria yeye mwenyewe. Nilimkabidhi mabuti mapya. Baba akiingia kulala, yeye ndiye atakayeyaweka nje. Baba akiamka, yeye ndiye atakayeyaingiza ndani, na kabla ya kuyaingiza awape watu habari, maana wamama wanangoja kutwanga.

Siku ya kwanza aliyaweka nje kwa uangalifu wa padri. Akakaa kando yake alasiri nzima, hakwenda kucheza. Mama mkwe alikuwa anachambua maharage kivulini, amevaa yale ya zamani. Kitanda kikalia ndani, mume wangu akakohoa, akatokea mlangoni amevaa singlendi. Mvulana alimtazama miguu, kisha uso. Alisimama na kuyainua mabuti, moja kila mkono, ingawa yalikuwa mazito kwake.

"Baba ameamuka," alinong'ona.

"Wamama hawasikie," nilisema.

Alivuta pumzi mpaka tumbo likatokeza.

"Baba ameamuka!"

Sauti ilikuwa nene, yenye mikwaruzo, kama mlango wa ghala uliokaa muda mrefu bila kufunguliwa. Kule mwisho wa safu kinu kimoja kilianza, kisha cha pili. Jirani yangu aliitikia kutoka uani kwake: "Asante, mukubwa!" Mtoto alisikiliza midundo ile ya vinu, akaelewa kwamba ni yeye aliyeianzisha, na akasema tena, kwa nguvu zaidi, ingawa hakuna aliyemwomba.

Mama mkwe aliendelea na maharage yake. "Kamba iko murefu," alisema.

Aliporudi Kilwa aliyachukua yale mabuti ya zamani. Alisema kule ziwani tope ni nyingi kuliko Kasungami, na kwamba haifai yabaki katika nyumba yenye mtoto. Mvulana alifanya kazi yake ya kutangaza hadi alipoanza shule, na safu nzima ilitwanga kwa kauli yake. Wanawake wengine walianza kusema ana kelele. Nilipokea sifa hiyo pia.