Siku Bunia Yote Iliamini Mvua Yangu

Bandugu zangu, haya yangu haina fasi ya kujificha, basi niiseme miye mwenyewe kabla bengine hawajaisema na kuongeza chumvi: miye njo ule mutu mwenye alikimbiza batu ya Bunia na mvua. Mvua ya maji, munisikie vizuri, ile ya Mungu, ile inaloanisha nguo ku kamba. Ata leo kuko bamama ku soko, bakiniona tu banashika vikapu vyao na kuuliza, "Papa Meteo, tukimbie ao tukae?" na banacheka mupaka machozi, na miye nacheka pamoja nabo, sababu utafanya nini.

Musinione hivi, nilisoma. Nilisoma zile dhoruba kubwa za bahari, zenye zinabomoa miji ya ng'ambo na kupewa majina kama batu waliobatizwa. (Ndiyo, najua, Ituri, jimbo yetu ya Kongo, haina bahari. Baba mukwe aliniuliza ile swali siku ya kupeleka mali ya ndoa, na sijamujibu mupaka leo.) Lakini mawingu yenye kuzaa zile dhoruba, mengine yanaanzaka huku kwetu, ku milima ya Afrika, yakiwa bado batoto, yanatembea pole pole kufuata jua mupaka bahari, na kule njo yanakomaa na kuwa makali. Miye nilitaka kujua utoto yao. Nikarudi Bunia na ordinatere moja, ile mashini ya kuhesabia, vipimo vya mvua na modeli yangu, maana yake hesabu ndefu sana yenye unaipatia upepo, joto na uzito ya hewa ya leo, na yenyewe inakuambia mvua ya kesho. Niliitengeneza miaka mingi, na ilikuwa inadanganya bila haya. Hakuna mwenye alikuwa anaiamini, na siku zingine ata miye.

Kisha vita ikaingia. Wenzangu ya kazi bakaenda mumoja mumoja, mwingine Beni, mwingine Kampala, mwingine hakuaga. Bibi yangu, mama Afoyo, nilimupeleka na batoto yetu wawili kwa bazazi yake Mahagi, na miye nikabaki, sababu nilisema vipimo vikikosa mutu ya kuvisoma, kazi yote imekufa. (Ukweli ni kwamba niko na kichwa nguvu.) Kituo yetu ya kupima hewa ilikuwa pembeni ya kiwanja ya ndeke, fasi ndege zinatua, mbali kidogo na batu. Asubuhi nasoma joto, mangaribi nasoma upepo, nakula muhogo yangu peke yangu, sahani moja, kijiko moja. Ilifika wakati nikawa nasalimia barometre, kile kipimo cha uzito ya hewa. Naiambia "umelala je?" na nangoja ijibu, kweli ya Mungu, nangoja. Upweke ni kitu mubaya, bandugu, inakula mutu pole pole, na inaanza na masikio: hauzungumuze na mutu, basi haujue tena batu banazungumuza namna gani.

Njo vile sikujua ile luga mupya. Ku foni, ile redio ya kusemea mbali, unakaa mu kibanda, unashika maikro, na kila mutu mwenye foni mu Ituri yote anakusikia, rafiki na adui. Basi batu balikuwa bameacha kuita vita kwa jina yake. Vita balisema "mvua". Unauliza ndugu yako ya Marabo, "Kwenu mvua inanyesha?" na anajibu, "Manyunyu tu," maana yake masasi kidogo ya bunduki, bado tunaweza kupika. Mvua kubwa, ile haukungoja kuuliza. Batoto balijua. Makuku, nafikiri, yalijua. Mutu mumoja peke yake mu Bunia hakujua, na ule njo alikuwa mutaalamu ya mvua.

Siku ile, padri ya Mahagi alikuwa amepata nafasi tatu mu ndeke kidogo yenye ilikuwa inaleta dawa Bunia. Tatu! Mama Afoyo na batoto wote wawili! Vita ilikuwa imetulia kidogo, na bibi yangu alitaka kuniuliza ku foni neno moja tu, bakuye Bunia ao basikuye. Nilifua shati. (Ya kuenda ku foni, ndiyo, kama vile ataniona.) Foni ilikuwa ya muzee Ramazani, muislamu mwema, zamani muchimbaji ya zahabu kule Nizi mupaka shimo ilimuvunja muguu. Batu balijaa ku benchi, banangoja zamu yabo. Zamu yangu ikafika, nikashika maikro.

"Papa Afoyo, unanisikia? Ndeke iko tayari. Tukuye?"

Na hapa njo nilipotea. Jibu ilikuwa neno moja. Lakini asubuhi ile modeli yangu ilikuwa imenipatia kitu kizuri kabisa, dhoruba ya kweli, imejipanga, inashuka kutoka milima ya Nizi. Na mama Afoyo anaogopaka ndeke kidogo, ikitikisika mu mawingu anamaliza rozari yote na kuanza tena. Na tena (niseme yote, haya haina nusu) hakuna mutu alikuwa ameniuliza kitu juu ya kazi yangu tangu zamani, nilikuwa na njaa ya kuonekana nina maana. Nikakohoa kama profesa.

"Mama Afoyo, musikuye leo. Leo mvua kubwa inakuya. Itatoka upande ya Nizi, itaingia Bunia saa kumi ya mangaribi. Mukuye kesho, ikisha kupita."

Sauti yake ikakuya, ndogo: "Weye umejua namna gani?"

"Mama," nikamujibu na kifua mbele, "ile njo kazi yangu. Niko naifuata tangu asubuhi."

Nikageuka ili nione kama batu ya benchi balisikia vile nasema vizuri. Benchi ilikuwa tupu. Kulibaki sandali moja. Muzee Ramazani mwenyewe alikuwa njiani, ule muguu yake ya kuvunjika imepona gafula, anaitia bibi yake: "Funga godoro! Funga godoro!"

Nikatoka. Barabara ilikuwa imejaa batu na mizigo ku kichwa, na mama mumoja mwenye mutoto ku mugongo na mbuzi ku kamba alinipita mbio. "Mama, kuko nini?"

"Papa, haujasikia? Mvua inakuya! Kutoka Nizi! Saa kumi!"

Bandugu, moyo yangu ilijaa. Miaka yote ile ya kuchekwa, na leo batu bananiamini, tena mupaka kukimbia! Sikujiuliza ata kidogo nani anakimbia mvua na godoro na picha ya harusi. Nilifikiri tu, kumbe hawa batu banaheshimu sayansi. Nikasimama ku njia panda ya soko, nikanyanyua mikono, nikaanza kubasaidia.

"Musisukumane! Iko bado Nizi! Itakuwa kali, lakini haitadumu, itapiga kidogo na kuisha! Musijifiche chini ya miti! Nyumba ya manyasi haitawasaidia, mutoke!"

Kila neno nilikuwa naongeza, babo banaongeza mbio. Mama mumoja akanishikisha mutoto yake ili akaze kitenge, akanishukuru na machozi: "Mungu akubariki, papa. Weye angalau unatuambia." Nikamujibu, "Njo kazi yangu, mama."

Ulimi iliponza kichwa, ndiyo, lakini ya kwangu iliponza na kichwa ya jirani. Baaskari benye kushika mutaa wakati ile bakafika (sitasema balikuwa ya nani, bunduki ilikuwa sawasawa). Komanda yabo, kijana ya miwani nyeusi, akaniangalia kutoka viatu mupaka nywele.

"Weye njo uko natangaza mvua?"

"Njo miye," nikajibu, na tabasamu. Tabasamu, bandugu!

"Nani alikuambia?"

"Modeli."

"Modeli njo nani? Ni mutu ya kabila gani?"

"Hapana mutu, komanda. Nilimutengeneza miye mwenyewe."

"Iko wapi sasa?"

"Ku kituo, karibu na ndeke. Namuacha pale anafanya kazi."

"Na habari anapata wapi?"

"Kila fasi. Marabo, Aveba, Nizi. Zamani tulikuwa na batu ya kututumia, lakini sasa nimebaki peke yangu."

Hapo njo kofi ya kwanza ilinifikia. Ya pili ilikuwa njiani wakati muzee Ramazani, anapita na godoro ku kichwa, alipaza sauti: "Komanda, muache! Sasa njo naelewa! Ule ni Papa Meteo! Anaongeaka mvua ya maji!"

"Mvua ya nini?"

"Ya maji, komanda. Maji! Ile ya juu!"

Batu bakasimama. Muzee akanieleza pale pale, mbele ya bote, neno "mvua" linasema nini siku hizi, na miye na komanda tukaelewa pamoja. Komanda akavua miwani, akaangalia juu. Hakukuwa ata wingu moja. Akaleta kasha ya bia, akaniambia nikae juu yake katikati ya njia panda. "Tutangoja hiyo maji yako. Ikianguka, unaenda. Isipoanguka, utatuonyesha Modeli."

Nikakaa. Batu bakarudi mumoja mumoja, bakatua mizigo, bakanizunguka. Bengine bakaanza kucheka, na miye naona haya mupaka ku vidole ya miguu, lakini moyoni nasema haizuru, kesho mama Afoyo atakuya na nitamuelezea, tutacheka wote.

Kisha nikasikia mulio. Jua ilikuwa bado kali. Ndeke kidogo nyeupe ikapita juu ya kichwa yangu, ikatua vizuri kabisa, bila upepo. Nilikuwa nimesahau kwamba dawa haingoje mvua. Nikaomba komanda aniache niende kuangalia, pengine bamekuya vile vile, sababu mama Afoyo mara mingi hanisikilizake. Akakataa. Akatuma askari, na ule akarudi anatafuna miwa.

"Makartoni tu," akasema. "Na nafasi tatu tupu."

Mvua ilikuya. Ilichelewa, lakini ilikuya, kutoka Nizi kabisa, na radi na mawe ya barafu, na batu bakapiga makofi, na komanda akanigonga bega akasema, "Modeli yako ni mwanaume." Modeli yangu ilipata kweli mbele ya mutaa muzima, na miye nilisahau ata kuenda kupima ni maji ngapi.

Kesho yake nikaita Mahagi. Mutu ya foni ya kule akanijibu kwa upole: mama Afoyo ameshavuka mupaka na batoto, jana ile ile, ameingia Uganda. Alikuwa amesema, "Bwana yangu kila siku ananibembeleza nirudi. Leo yeye mwenyewe anasema tusikuye. Basi iko mbaya kuliko anavyosema." Nikaweka maikro chini. Muzee Ramazani hakunilipisha, na hakunitania.

Ilipita wakati murefu sana kabla ya kujua bako wapi, na mwingine kabla ya njia kufunguka. Nilipofika kule, kadogo yetu ya mwisho, Divine, alikuwa ku mulango, amekuwa mukubwa. Akaniangalia, akageuka ndani: "Mama, kuko tonton moja hapa, anakuuliza." Tonton, jina ya mwanaume yoyote mwenye mutoto hamujue. Mama Afoyo alicheka sana siku ile, alipojua ilikuwa mvua ya maji. Alicheka, akakaa chini, akafunika uso na kitenge, na sikujua tena kama anacheka.

Kwa hiyo niliapa, na sijavunja. Mutu yako akikuuliza "nikuye?", mujibu "kuya", na ufunge mudomo pale pale. Akilowa njiani, utamupatia kitenge kikavu.