Siku Niliyoingia Chumba cha Mkwe Wangu

Kwetu Bungoma, mama haingii mahali mume wa binti yake analala. Hamsalimii kwa mkono, na wakikutana njiani mmoja anaingia kwa majani. Nililelewa hivyo na nilishika hivyo, tena kwa maringo. Ndio maana nilichelewa kuona kile kilikuwa kinammaliza mjukuu wangu.

Binti yangu aliolewa na mbeba magunia wa Kitale, wakakaa mtaa wa Kipsongo. Binti akafa. Haukupita muda, gunia la mahindi likamwangukia yule bwana mgongoni, miguu ikakataa. Wakabaki wawili kwa chumba kimoja: yeye kitandani, na msichana wake wa darasa la nane.

Nilikuwa nakuja kutoka kwangu Misikhu, huko Bungoma, na ndizi na unga, naketi nje, napitisha vitu mlangoni kama muuza maziwa. Ndani nasikia mtoto akisema, "Baba, shika shingo yangu," halafu kitanda kinalia. Alikuwa anamgeuza ili mgongo usioze. Anamwosha, anafua shuka, anapika uji, ndipo anakimbia shule. Na mimi huko nje naambia majirani vile mjukuu wangu ni mchapakazi. Upumbavu mtupu.

Siku moja shule ikaniita. Mwalimu mkuu akaniambia majina ya mtihani yanaandikwa wiki ijayo, na la huyu halitaandikwa. Arudie darasa la saba.

"Kwani amekosa nini?"

"Anafika saa nne, nyanya. Akifika analala. Atatushusha alama."

"Anauguza baba yake. Umewahi kumuuliza?"

"Shule sio hospitali."

"Na mtoto sio punda. Yule analetwa na gari na huyu anatoka kuosha mzazi, dawati ni haki yao wote. Sitoki kwa kiti hiki."

Akaweka kalamu chini. "Sawa. Lakini wewe nyanya yake, asubuhi huwa uko wapi?"

Nikafungua mdomo niseme mambo ya desturi. Mjukuu alikuwa amesimama kando, vidole vimechunika kwa sabuni, akaangalia chini ili asiniaibishe.

"Andika jina," nikasema. "Kuanzia kesho atafika kabla ya kengele."

Usiku huo nililala kwa jirani, na asubuhi nikasukuma mlango. Mkwe wangu akavuta blanketi mpaka kichwani.

"Mama, usiingie. Tafadhali."

"Nimeshaingia."

"Watu watasema nini?"

"Waseme wakishika beseni. Wewe funika uso, mimi nitaangalia ukuta, lakini mgongo utaoshwa."

Mtoto akanionyesha haraka haraka huku akivaa sweta: kunja magoti kwanza, kisha sukuma bega, usimvute mkono. Umri ule, na anajua mwili wa mgonjwa kuliko mimi niliyezika watu. Hiyo haikunifurahisha. Ilinikasirisha.

Habari ikafika Bungoma mbio. Ndugu wa mkwe wangu akaja na wazee wawili, wakasimama nje.

"Mama, umevunja mwiko. Umetuaibisha."

"Ati aibu mmeiona leo? Mtoto ameosha baba yake miezi yote hii hamkuja, mimi nikishika maji mnapanda gari?"

"Si ni kazi ya mtoto kutunza mzazi?"

"Wewe ni ndugu yake, mwiko haukuhusu. Ingia, maji iko moto."

Akaangalia saa, ati gari ya kurudi itamwacha. "Gari ni nyingi, bana," nikamwambia. Akaenda. Mzee mmoja alibaki. Alivua koti, akalitundika mlangoni, akaingia. Tangu hapo Jumamosi zilikuwa zake, nami Jumamosi nikalala kwangu Misikhu.

Jina liliandikwa. Nilisoma mpaka darasa la tatu tu, lakini nilisimama nyuma ya mwalimu nikalifuata herufi kwa herufi.

Asubuhi ya mtihani msichana aliamka kabla yangu, akaweka maji jikoni. Nikamnyang'anya sufuria.

"Kukhu," akasema, ndivyo tunaita nyanya, "wacha nimgeuze mara moja tu."

"Leo wewe ni mwanafunzi. Toka."

Akasimama pale mlangoni akihesabu makosa yangu: magoti bado, bega polepole. Baba yake akamwambia, "Nenda, mwanangu. Huyu amezoea." Hapo ndipo akachukua kalamu zake akaenda.