Kilio Kilichokosa Maiti

Mji wetu una tamasha la muziki wa klasiki. Hufanyika kila kiangazi, wakati shule zimefungwa, vumbi limetanda na jioni huwezi kutoka bila koti. Wageni hushangaa kusikia hivyo, kwa kuwa Lubumbashi wanaijua kwa shaba na kwa malori yanayopanga foleni kuelekea mpakani. Lakini kwaya za makanisa yetu zimeimba muziki huo tangu enzi za babu zetu, na baadhi yetu tuliofundishwa fidla na mapadri hatukuiweka chini hata baada ya masomo. Mimi napiga alto, fidla kubwa kidogo yenye sauti nzito. Nilisoma historia chuo kikuu na ninaifundisha hadi leo. Alto hainilipi chochote, na sijawahi kufikiria kuiacha.

Baba yangu hakuwahi kuja kunisikiliza. Si kwamba alikuwa mkali juu ya jambo hilo. Alifanya kazi ya reli, akisafiri na mizigo hadi Sakania na kurudi, na muziki alioupenda ni gitaa la dansi la ujana wake. Kwa watu wa rika lake fidla zilikuwa na maana moja. Mkubwa wa nchi akifariki, redio ilikatiza nyimbo zote na kuweka muziki wa namna yetu, wa polepole, mchana kutwa, hata kabla jina la marehemu halijatamkwa. Watu walisikia fidla, wakatoka nje kuulizana ni nani. Kila mwaka nilimwachia tiketi mezani, na kila mwaka alinijibu vilevile: "Mama, kule siwezi kwenda mi muzima." Ananiita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

Mwaka jana aliugua moyo, akalazwa hospitalini majuma kadhaa. Siku aliyorudi, watu wawili walimteremsha kutoka kwenye teksi, na mtaa wetu wote hapa Kampemba ukaona. Daktari alikuwa ametuambia bila kuficha kwamba moyo umechoka. Nilijua kuwa tamasha lililokuwa likikaribia huenda likawa la mwisho ambalo angeweza kufika, na nilitaka anisikie walau mara moja. Nilitaka hivyo kwa ajili yangu zaidi kuliko kwa ajili yake.

Sisi wapigaji tulikuwa wanne, na hatukuwa na mahali pa kufanyia mazoezi. Ukumbi wa parokia ulikuwa umeshikwa na harusi, kama kila kiangazi. Mwenzetu anayepiga selo, ile fidla kubwa inayosimamishwa kati ya magoti, akapendekeza tukutane uani nyumbani kwa baba, ninapoishi naye. Jumamosi alasiri tukapanga viti. Baba alikuwa amelala chumbani, na kwa kumhurumia tukaamua kuanza na sehemu ya polepole, ambayo haina kelele. Hilo ndilo lilikuwa kosa letu, na sidhani kama wapiga fidla wa mji mwingine wangeona kosa lolote ndani yake.

Hatukufika mbali. Barabarani ilisikika sauti ya mwanamke akilia, nayo ilikuwa ikikaribia. Kwetu anayekuja kilioni huanza kulia akiwa bado njiani, ili wafiwa wajue kwamba hawako peke yao. Lango likafunguliwa, akaingia jirani wa nyumba ya mbele, mama muuza unga, kitenge kimefungwa kiunoni na viatu viko mkononi. Nyuma yake walikuja akina mama wengine na mkeka. Kisha akaingia fundi cherehani wa kona, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka Maniema. Alibeba viti vya plastiki kichwani, na mkononi mbabula, jiko lake la makaa, maana wanaume hukaa nje kilioni na baridi ya Julai haina mchezo.

"Pole, mama," jirani akaniambia, akanikumbatia pamoja na alto yangu. "Alituacha saa ngapi?"

"Nani?"

"Papa."

"Papa iko ndani."

"Iko ndani? Bado hamuyamupeleka ku morgue?"

Mpiga selo akaingilia kati. "Mama, papa ni muzima. Shiye tuko tunapiga tu muziki."

"Ile muziki?"

"Ile."

"Na kama ni muzima, juu ya nini munamupigia ile?"

Shangazi yangu, dada wa baba, alikuwa ametoka jikoni huku mikono yake ikiwa bado na unga. Alitazama mkeka, akatazama selo. "Munaita kifo mu nyumba ya ndugu yangu," akasema. "Mufunge ile bintu yenu."

Nikaanza kuilaza alto katika sanduku lake. Sikubishana. Ikiwa baba ameamshwa na vilio vya kifo chake mwenyewe, niliwaza, basi hatakanyaga ukumbi wa tamasha maisha yake yote, wala sitakuwa na uso wa kumwomba tena.

Mlango ukafunguka. Baba alisimama pale ndani ya koti lake la zamani la reli, ameshika fremu ya mlango. Watu wakanyamaza, isipokuwa mwanamke mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia langoni akilia kwa moyo wote, mpaka mwenzake alipomvuta kitenge.

"Nani alikufa?" baba akauliza.

Jirani akainamisha kichwa. "Tulisikia violon, papa."

Baba akawatazama mmoja mmoja, akamfikia fundi. "Na weye ulikuja? Suruali yangu ulisema bado."

"Iko tayari, papa. Nilifikiri utaihitaji leo."

Baba ndiye aliyecheka kwanza, cheko fupi lililomkatisha pumzi, kisha wengine wakaona kwamba inaruhusiwa. Shangazi peke yake hakucheka. Alimwambia arudi ndani, nje kuna baridi.

"Hapana. Biti iko, bantu beko." Akaketi kwenye kimoja cha viti vya fundi, akavuta mbabula karibu na miguu yake. "Mama, toa ile kintu yako. Mupige yote, nisikie ile balikuja kulilia."

Tukapiga kuanzia mwanzo. Mpiga selo alitangulia, mimi nikaingia baada yake, na vidole vyangu vilikuwa baridi. Jirani alilia kimyakimya, kwa kuwa machozi alikuwa amekuja nayo tayari. Baba hakuonyesha huzuni wala furaha. Aliuangalia mkono wangu wa kulia, jinsi unavyovuta upinde na kuurudisha, kama alivyokuwa akiangalia mashine. Tulipomaliza akauliza kama imeisha, nikasema imeisha. Akasema ni ndefu. Akataka kujua nani aliniambia wakati wa kuingia, maana hakusikia mtu akihesabu. Nikamweleza kwamba tunasikilizana pumzi. Akatikisa kichwa, akainuka, akaingia ndani.

Siku ya tamasha niliacha tiketi mezani. Hakuja. "Nilisha kusikia, mama," akasema. "Kule iko baridi." Iliniuma, na iliendelea kuniuma nikiwa jukwaani. Nilikuwa nimetaka auone ukumbi ule wa zamani ukiwa na taa zake, anione na gauni langu jeusi, awaone watu wa mjini wakimsikiliza binti yake. Shangazi alikuja na jirani. Kati yao kiti kimoja kilibaki wazi.

Asubuhi baba aliniuliza kama watu walipiga makofi. Nikamwambia walipiga, tena wakiwa wamesimama. Alifikiri kidogo huku akipuliza chai yake.

"Bantu ba hapa balikaa mpaka mwisho," akasema. "Na hakukuwa hata chakula ya kilio."