Mambo ya Ndani

Jumamosi nilialikwa Kitale kuwasikiliza wanafunzi wanaoigiza mabalozi wa mataifa. Kufikia saa sita walikuwa wamemaliza vita viwili na kuwapa wakimbizi wa mbali makao. Nami nilipiga makofi.

Wakati wa chakula, mama mmoja kutoka Cheptais aliyekuwa akipakua alimwuliza msichana mwenye beji ya nchi ya Ulaya, "Mwanangu, sisi tulifukuzwa kwa shamba letu huko mlimani, mpaka leo tunakaa kwa nyumba ya kukodisha. Sasa sisi mtatusaidia aje?"

Msichana alinyoosha tai. "Pole, mama. Hayo ni mambo ya ndani ya nchi yako. Ujumbe wetu hauwezi kuingilia."

Kisha akasogeza sahani aongezewe nyama, na mama akamwongezea.

Na bado tunalalamika eti shule zetu hazifundishi kazi.