Fungu Moja la Unga

Nilirudi kusoma hisabati nikiwa tayari na watoto watatu. Nilikuwa fundi cherehani mjini Kasulu, nikitaka kurudia mtihani wa kidato cha nne ili nisomee ualimu wa awali. Kila Jumamosi mimi na wenzangu tulifundishwa na binti ambaye angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho.

Siku hiyo aliandika ubaoni swali kwa Kiingereza, kisha akatueleza kwa Kiswahili. Unga wa muhogo na wa mahindi umechanganywa kwa uwiano wa tatu kwa mbili, na muhogo umezidi mahindi kwa madebe manne. Madebe yote ni mangapi?

Nikaona swali lina kosa. Tatu kutoa mbili ni moja. Manne yametoka wapi? Nikanyoosha mkono nikasema hivyo. Mwalimu akaandika 3x na 2x.

"Mama, x ni fungu moja," akasema.

"Fungu lina ukubwa gani, mwalimu?"

"Hatujui bado. Ndilo tunalotafuta."

Akatoa 2x kwenye 3x, ikabaki x, nayo ni manne. Muhogo kumi na mawili, mahindi manane, jumla ishirini. Kila mstari niliuelewa peke yake, lakini nilipoisoma yote kichwa kilivurugika. Tumezidishaje kitu tusichokijua?

Kesho yake nilikwenda kijijini Kitanga kwa mama mkwe, nikamkuta akichanganya unga wa ugali, vikombe vitatu vya muhogo, viwili vya mahindi. Nikamuuliza kwa Kiha anafanyaje wageni wakiwa wengi. Akanitazama kama anayemtazama mgonjwa. Anachukua beseni badala ya kikombe, akasema, ila ni tatu kwa mbili vilevile. Kumbe x ni chombo! Nilirudi mjini nimechangamka.

Jumamosi iliyofuata likaja swali la umri wa mama na binti yake, tano kwa mbili, mama akimzidi binti miaka kumi na minane. Nikatafuta chombo cha kupimia miaka, nikakikosa. Nikatoa 2x kwenye 5x, nikaandika 3x ni kumi na nane, nikapata x ni sita. Mama thelathini, binti kumi na mbili. Mwalimu akatia tiki. Nikamuuliza hiyo sita ni sita ya nini. Akafikiri, akasema ni fungu la miaka. Nikaitikia kwa adabu tu.

Mtihani nilifaulu kwa alama ya mwisho inayokubalika, na sasa nafundisha watoto wadogo huko Murungu. Juzi binti yangu mkubwa aliniletea daftari lenye swali la uwiano. Nikamwonyesha hatua zote. Aliponiuliza kwa nini tunafanya hivyo, nikamwambia aandike kwanza.