Usaili wa Nafula

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule moja nje ya mji wa Bungoma, upande wa Mabanga, sikupewa hata chaki. Mwalimu Mkuu, mzee mpole aliyeonekana amechoka kuliko umri wake, alinipeleka moja kwa moja hadi bwalo la chakula, akanionyesha wasichana waliokaa juu ya meza.

"Madam, hawa ni watu wa drama," akasema. "Mwalimu wao amepata uhamisho. Wachague."

Basi nikaanza kuchagua, na pamoja na kufundisha Kiswahili, hiyo ndiyo kazi niliyoifanya hadi nikastaafu. Kuchagua huko tulikuita usaili. Mwanafunzi hupewa kipande cha mswada, yaani maandishi ya mchezo, akakisoma mbele ya wenzake bila kujiandaa. Mimi sikutafuta sura nzuri. Nilisikiliza pumzi. Anayesemea kooni hukauka upesi; anayesemea tumboni humfikia hata mpishi aliye jikoni.

Baadaye nilihamishiwa Kitale, shule ya wasichana ya kutwa karibu na mtaa wa Tuwan. Mwalimu Mkuu wa huko alikuwa mama mkali, mpenda vikombe. Kabati la ofisi yake lilijaa vikombe vya riadha. Cha drama hakikuwepo, na jambo hilo lilimkera. Mwaka mmoja mchezo wetu ulihusu mjane anayesimama barazani kutetea shamba la marehemu mumewe, na mama huyo akaja mwenyewe kuketi kwenye usaili.

Wengi walisoma vizuri. Kisha akaja Nafula, msichana wa kidato cha tatu kutoka Lwakhakha, kwetu Bungoma, mpakani na Uganda, aliyekuwa akiishi Tuwan kwa shangazi yake. Alisoma karatasi kimoyomoyo, akaiweka chini.

"Mume wangu amerara ndani ya udongo huu," akasema. "Mkitaka kuurima, mtamrima na yeye."

Bwalo likaangua kicheko. Sisi watu wa Bungoma l na r hutuponyoka. Mimi mwenyewe nilifunzwa kuzitenganisha chuoni, kwa aibu nyingi. Nafula hakukimbia. Alingoja kama mjane anavyongoja wanaume wamalize kumcheka, kisha akarudia maneno yaleyale, polepole zaidi. Hakuna aliyecheka tena. Msichana mmoja wa mbele alijifuta macho kwa mkono wa sweta.

"Huyo hapana," Mwalimu Mkuu akaninong'oneza.

"Lakini madam, si umemsikia?"

"Nimemsikia. Na majaji pia watamsikia. Ati 'amerara'! Watatukata alama za matamshi."

"Mjane ni mwanamke wa kijijini. Angeongea hivyo hivyo."

"Mwalimu, wazazi wataniuliza mimi, si wewe. Mpe ile nafasi ya mfiwa anayekaa mkekani, asiyesema kitu."

Nilimfuata hadi ofisini, nikabishana naye mpaka akanikumbusha kwamba drama inaweza kupewa mwalimu mwingine. Nafasi ikaenda kwa msichana mwenye Kiswahili cha redioni. Nafula nilimwambia mwenyewe, nje ya bwalo, ili asisikie kwa wenzake.

"Kwani sikufanya vizuri, Mwarimu?"

"Ulifanya vizuri kuliko wote."

"Sasa nikikaa kimya pare mbere, nitakuwa nimeigiza nini?"

Nikamwambia saa ya mazoezi. Alikuja mazoezini siku chache, akakaa mkekani alipoelekezwa, kisha akaacha kuja. Tulifika tamasha za kaunti. Majaji walisifu matamshi yetu, na safari yetu ikaishia hapo.

Lililoniumiza zaidi lilikuwa darasani. Nafula, aliyezoea kuinua mkono mzima, sasa nikimwuliza swali alisimama, akatabasamu, akatikisa kichwa, akaketi. Nilikwenda Tuwan kumwona shangazi yake.

"Hata hapa nyumbani amepunguza maneno, Mwalimu," mama huyo aliniambia. "Tulidhani ni ukubwa."

Alimaliza shule akiwa hivyo.

Nimestaafu sasa. Naulizwa na walimu vijana namna ya kuendesha usaili, nami nawaeleza habari za pumzi. Lakini nauwaza usaili wangu wa mwisho, palepale Kitale, chini ya Mwalimu Mkuu mwingine, kijana asiyemkataza mtu yeyote. Waliojitokeza wote walikuwa wa ulimi safi. Wengine walisimama nje ya madirisha. Nikatoka kuwaita.

"Ingieni, kuna nafasi."

Wakatazamana. "Sisi tunatazama tu, Mwarimu," mmoja akasema, akaziba mdomo wake kwa kiganja.