Injini ya Pikapu ya Vitunguu

Mwezi uliopita nilikuwa Magogoni, kwenye foleni ya pantoni ya kwenda Kigamboni, ndani ya gari langu dogo la kijivu ambalo fundi wangu huliita gari la mama mchungaji, ingawa sijawahi kuwa mchungaji wala kuolewa na mmoja. Mbele yangu palikuwa na gari la michezo, la milango miwili, limelala chini kama paka anayevizia. Mwenyewe, kijana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa amefungua boneti na kuzungukwa na wenzake. Nikashuka kuchungulia. Umri una faida zake, rafiki yangu: mwanamke wa makamo akichungulia injini ya mtu hafukuzwi, huonewa huruma.

"Shikamoo mama," akasema. Juzijuzi tu ningeitwa dada.

"Marahaba. Limeharibika?"

"Liko poa, mama. Nawaonyesha washkaji mashine tu. Injini yake ilikufa, nikalipachika ya gari lingine. Kazi yote nimefanyia uani kwetu Ilala. Bi mkubwa kagomba mpaka kakata tamaa."

"Na likiwaka linalia kama gari lipi?"

Akanitazama kama ninavyowatazama wanafunzi wanaouliza swali la nje ya mada. "Linalia kama gari, mama."

Pantoni ikafika, tukaingia. Sikumbuki nilivyovuka. Nilikuwa nimesharudi uani kwetu, Kariakoo, na baba yangu yuko chini ya gari jekundu.

Nyumba yetu ilikuwa ya ghorofa moja, hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi. Chini tulikaa sisi, Wachagga wa Kibosho, na juu alikaa jirani yetu Mhindi, muuza vitambaa, pamoja na mkewe. Uani tulichangia. Asubuhi mke wa jirani aligonga kikengele chake cha ibada na kufukiza udi, na mama alijibu kutoka jikoni kwa wimbo wa kanisani, kwa sauti ya juu kidogo kuliko ilivyohitajika. Ndizi zetu zilichemka chini, jira yao, ile bizari nyembamba, ikakaangwa juu, na harufu mbili hizo zilikutana kwenye ngazi zikapatana. Jirani hakula nyama. Mama alipochoma mbuzi wa Pasaka, yeye alifunga madirisha taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

Mama alikuwa na duka la vyombo. Baba alikuwa na pikapu. Alibeba vitunguu kutoka kwenye malori hadi kwa wauzaji wa sokoni, na harufu ya vitunguu ilikuwa imeingia kwenye viti, kwenye usukani, kwenye koti lake la Jumapili. Ekzosi ilikuwa na tundu ambalo halikuzibika, kwa hiyo pikapu haikunguruma kama magari ya watu. Ilikohoa. Ilikohoa mara mbili, ikatulia, ikakohoa tena, na sisi watoto tuliijua ikiwa bado iko mbali, tukaficha tulichokuwa tunakifanya.

Desemba ilipofika tulipanda nyuma, mimi na kaka zangu, katikati ya magunia na zawadi, tukaenda mlimani, Kibosho. Huna haja ya kuelezwa mambo ya Mchagga na Desemba. Bibi, mama yake baba, alikuwa akitusikia tukianza kupanda kilima, na tulipofika sufuria ilikuwa jikoni tayari na yeye amesimama nje ya mlango, kanga mpya kiunoni.

Halafu ikaja Krismasi moja ambayo sijaisahau. Tulikuwa tunatoka misani. Binamu yake baba, mtu wa ofisi, mwenye gari jeupe lililong'aa kama sahani, alisimama uwanjani na kusema kwa sauti ya furaha, "Jamani, isogezeni hiyo pikapu ya vitunguu, magari yapite!"

Watu walicheka. Baba alicheka kuliko wote. Kisha akaisogeza. Desemba iliyofuata alisema ana biashara. Iliyofuata pia. Mama alikataa kwenda peke yake. Alisema hawezi kushuka kwa mama mkwe bila mume, kama mzigo uliopotea njia. Bibi hakuandika barua, hakujua kuandika. Alituma ndizi kwa wasafiri, na pamoja na ndizi alituma sentensi moja, kila mara ileile: "Mwambieni barabara bado ipo."

Baba alizipokea ndizi, akaiacha sentensi mlangoni.

Sasa, uani palikuwa na gari la mtoto wa jirani. Lilikuwa la michezo, jekundu, viti viwili tu. Mwenyewe alikwenda ng'ambo kusoma na hakurudi, na injini ilikuwa imekwama kwa kukaa bila kuwashwa. Kuku wetu walilihamia wakataga kwenye kiti cha abiria. Jioni moja jirani alishuka, akasimama na baba wakilitazama.

"Kijana wangu harudi," alisema. "Kaoa huko. Lichukue wewe, baba watoto. Mke wangu kila akianika nguo analiona, halafu hali chakula."

Baba hakulala vizuri siku zile. Kisha akafanya jambo ambalo Kariakoo nzima ilikuja kuliangalia. Alimwita fundi mmoja wa Gerezani, Mzaramo mwenye maneno mengi kuliko spana, wakaitoa injini ya pikapu, iliyokuwa nzima, iliyokuwa inatulisha, wakaanza kuipachika kwenye gari jekundu.

"Pikapu imezeeka," baba alimwambia mama.

"Imezeeka, lakini inaamka," mama alijibu. Na baadaye, akipepeta mchele, bila kumtazama: "Umechinja ng'ombe wa maziwa ili upate ngozi ya kuvaa." Hakusema tena. Duka lake likatulisha sote mpaka mwisho wa mwaka, na maharage yetu yakawa mengi kuliko nyama, jambo lililomfurahisha jirani peke yake.

Injini ilikuwa ndefu, gari lilikuwa fupi. Walikata, wakachomelea, wakakata tena. Propela shafti ikapunguzwa kama suruali ya mrithi. Rejeta ya pikapu, ya kupoozea injini, haikuingia, ikabaki ile ndogo ya zamani. Stata iliunganishwa na swichi ya taa ya chumba cha kaka zangu, ambao toka siku ile walilala gizani. Boneti haikufungika, wakaitoboa, na juu ya tundu wakachomelea karai la mama la kukaangia maandazi, wakalipaka rangi nyekundu ambayo haikulingana na nyekundu yenyewe. Ekzosi mpya haikuwezekana. Wakafunga ileile ya pikapu, pamoja na tundu lake.

"Mchagga," fundi alisema akiwa amejilaza kwenye boksi, miguu tu ikionekana, "wewe hutaki gari. Unataka mchumba."

"Kaza nati, wewe."

"Nakaza. Lakini mchumba mwenyewe, nakwambia, sura ya malaika, moyo wa punda."

Baba alicheka, lakini niliona alivyolifuta lile karai kwa mkono wa shati. Alitaka kufika mlangoni kwa mama yake kwa gari ambalo hakuna mtu angesema lisogezwe. Hilo tu. Alitaka mama yake amwone akishuka. Nimesoma vitabu vingi tangu siku zile na sijakutana na tamaa ndogo kuliko hiyo, wala iliyokula vitu vingi hivyo.

Siku lilipowaka, mke wa jirani alishuka na sinia. Akaweka ndimu chini ya kila gurudumu, akapaka alama nyekundu kwenye karai, akapasua nazi sakafuni. Mama alisimama upande wa pili akisali rozari, asije akazidiwa. Baba akabonyeza swichi ya taa. Gari likatetemeka, likasogea kidogo, likapasua ndimu zote nne, likakohoa mara mbili, likatulia, likakohoa tena. Jirani alimshika mkewe bega. Wote wawili walikuwa wanalia, na mimi nilidhani wanalia kwa sababu ya moshi.

Viti vilikuwa viwili. Nilichaguliwa mimi kwa sababu nilikuwa mwepesi na sikutapika safarini. Mama na kaka zangu wangefuata kesho yake kwa basi, akishafunga duka. Baba alivaa koti la Jumapili, alilolifua mara nyingi mpaka likapauka, na tukaondoka.

Rejeta ndogo haikuiweza injini kubwa. Tulisimama Chalinze, tukasimama Korogwe, tukasimama mahali pasipo na jina. Kila tuliposimama, watu walikuja kulishangaa gari, na baba alijibu maswali yao kwa upole wa mtu tajiri huku mvuke ukimpiga usoni. Tukiwa njiani, alijaribu maneno ambayo angemwambia bibi. "Mama, nimekuja." Akatikisa kichwa. "Mama, tazama." Hilo alilipenda. Alilirudia mpaka Same.

Kilima cha mwisho tulikipanda jioni, gari likiburuza tumbo kwenye mawe, watoto wakikimbia nyuma yetu. Uwanja wa nyumbani ulikuwa umejaa: baba wadogo, mashangazi, hata yule binamu wa gari jeupe, aliyekuja kusalimia. Wote walisimama. Sijaona tena watu wazima wakikitazama kitu namna ile. Baba alizima injini, akashuka polepole, akafunga kifungo cha koti.

Bibi alitoka akiwa ameshikwa mkono na binti mmoja wa shangazi. Aliugeuza uso wake kidogo pembeni, kama mtu anayesikiliza redio, na macho yake yalikuwa meupe kama maziwa yaliyoganda. Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba haoni tena. Baadaye shangazi alisema bibi aliwakataza: baba asiambiwe, akija aje kwa kuwa anataka kuja.

"Niliwaambia," bibi akasema, "mkasema nazeeka. Nimeisikia toka kule chini darajani. Ni pikapu ya mwanangu."

Akanyoosha mkono, akatafuta ubavu wa pikapu mahali ulipokuwa zamani. Mkono ukapita hewani. Akaushusha, akakuta paa, chini kabisa, akalipapasa.

"Mbona imepungua?" akauliza.

Binamu alifungua mdomo. Baba alimtazama, na binamu akaufunga. Lile neno alilolipenda lilikuwa bado mdomoni mwake, halina pa kwenda.

"Imechoka, mama," akasema. "Imekaa chini."

"Kama mimi." Bibi akacheka. "Lakini bado inakohoa, Mungu ni mwema. Miaka hii yote nakaa nasikiliza. Magari yanapita laini, laini, sijui la nani. Nikasema, labda imekufa. Nikasema, labda ndiyo maana haji." Akamshika baba usoni kwa viganja vyote viwili, akanusa koti lake la Jumapili. "Umeacha vitunguu?"

"Sijaacha, mama."

"Usiache."

Tulikaa mpaka mwaka mpya. Baba hakumwambia, na hakuna mtu mwingine aliyemwambia. Kila asubuhi aliliwasha gari bila kwenda popote, akaliacha likohoe uwanjani huku bibi akinywa kahawa yake mlangoni.

Nyumba ya Kariakoo haipo. Mahali pake pana jengo la vioo lenye maduka ya vifuniko vya simu, na ukisimama pale utasikia spika kumi zikikutangazia bei moja. Jirani na mkewe walimfuata mtoto wao ng'ambo, na fundi wa Gerezani alikufa akiwa bado anaongea. Gari jekundu injini yake ilikufa kabla ya masika, likauzwa chuma chakavu, na baba akarudi sokoni kubeba vitunguu kwa mkokoteni wa watu. Sijui mtu mwingine aliye hai anayekumbuka kengele ile ya asubuhi na wimbo ule ukiijibu.

Bibi alifariki masika hayohayo. Tulikwenda kumzika kwa basi. Tulishuka barabara kubwa, tukapanda kwa miguu katikati ya migomba, kwenye matope, na tulipoingia uwanjani hakuna aliyekuwa amesimama mlangoni, kwa sababu hakuna aliyetusikia tukija.

Baada ya mazishi, watu walipokuwa wanakula, nilimkuta baba amekaa peke yake kwenye kigoda cha bibi, uso ameugeuza kidogo kuelekea barabarani. Nilimuuliza anamsubiri nani.

"Simsubiri mtu," akasema. "Nataka kujua alikuwa anasikia nini."

Nikakaa chini karibu na miguu yake, nikafumba macho. Magari yalipita huko chini, mojamoja, hata mvua ilipoanza. Hakuna hata moja lililopunguza mwendo kwetu.